Mkanda wa Tano

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa senema hakunionesha hata mashine. Alinionesha kona ya juu ya pazia, upande wa kulia. "Macho yako yakae pale," alisema. "Kidoa cha kwanza kikitokea, mkanda unakwisha. Cha pili kikitokea, washa mashine ya pili. Hadithi waachie waliokata tiketi."

Nyinyi mnaotazama filamu kwenye simu mmelala chali hamuijui adha yake. Filamu moja ya Kihindi ilikuja Mji Mkongwe katika makopo saba, kila kopo na mkanda wake, nasi juu katika chumba cha mitambo tukibadilisha mmoja baada ya mmoja, watu wa chini wasihisi. Joto halisemeki! Na mashine zinanguruma hata neno la filamu hulisikii.

Mwezi wangu wa tatu kazini, Fundi Mkuu akenda kusali Alasiri, akaniachia onesho la wanawake. Filamu nshaipitisha mara nne wiki ile, nikitazama kona tu. Siku hiyo nikavutika na hadithi. Mume ametoweka nyumbani, mke analia, nami kona nimeisahau, na mashine ya pili sijaitia kitu. Pazia likawa jeupe pe. Wanawake wa Unguja wakipiga kelele, wallahi, bora ukimbie! Kwa kiwewe nikakamata kopo lililo karibu nikatia mkanda wake. Ulikuwa wa sita. Wa tano ukabaki sakafuni.

"Mambo sawa?" aliuliza Fundi Mkuu aliporudi.

"Naam, Bwana Fundi. Sawa."

Meneja hakujua kitu. Filamu ikarudishwa Dar es Salaam kesho yake, nami nikapanda cheo hadi nikawa Fundi Mkuu, mpaka senema ilipofungwa.

Sasa sikilizeni balaa. Bi Zuwena, niliyekuja kumuoa baadaye, kumbe alikuwamo mchana ule! Miaka yote ya ndoa yetu ameichukia filamu ile. "Mwanamke hana akili hata chembe," husema. "Mume kamtoroka, karudi, naye kampokea kwa chai, hata hamuulizi!" Jirani yeyote hapa Jang'ombe akigombana na mumewe, hupewa mfano wa mjinga yule. Mimi hukoroga chai yangu.

Mwaka huu mjukuu wetu akaipata filamu ile, akatuwekea kwenye televisheni. Bi Zuwena haoni tena. Presha ya macho imemmaliza. Basi yeye akawa anasikiliza, Kihindi cha senema anakijua, na mimi namwelezea picha. Tulipofika pale mke analia, nikashika rimoti. Ningekiruka kipande kile, asingejua. Nikaiweka rimoti chini.

"Yuko wapi mumewe?"

"Yuko kwa mama wa mkewe. Bibi ana ukoma, watu wote wamemkimbia. Anamwosha miguu." Niliangalia tena picha. "Mke amechungulia dirishani, amemuona. Anarudi nyumbani bila ya kusema."

"Mbona hapa sikupajua?"

Nikamwambia yote: kopo, kiwewe, uongo wangu. Nilikuwa na hofu kuliko siku ya kwanza kazini.

"Miaka yote namtukana mwanamke wa watu," akasema, "kumbe wa kutukanwa nnaye ndani!"

"Nisamehe, Zuwena."

Akapapasa mezani, akakipata kikombe chake cha chai, akanisogezea.

"Kunywa. Kisha uirejeshe mwanzo."

Nikairejesha. Safari hii kona sikuitazama kabisa.