Kioo cha Nyuma na Barafu

Nilikuwa kwa fundi wa magari Kismayu, nangoja kuzibiwa pancha, lilipoingia gari la mzee mmoja wa kisiwa cha Chovae. Zamani aliunda mashua, siku hizi anawapelekea wavuvi barafu. Kioo chake cha nyuma kilikuwa kimejaa jasho.

"Nikirudi nyuma sioni kitu. Juzi nusura nimgonge mama wa watu."

Fundi akapitisha kidole kwenye mistari myembamba ya kioo hicho. "Hizi ni waya, mzee. Zinapasha kioo joto, ukungu unaondoka. Mbona zimekwanguliwa?"

Mzee akatazama chini. "Nilidhani ni nyufa. Nikazikwangua, nikazipaka mafuta ya papa, kama mbao za mashua."

Fundi hakucheka, mimi ndiye niliyegeuka upande. Akafuta mafuta, akapima waya moja moja kwa taa yake ya kupimia umeme, na palipokatika akapaka rangi ya kupitisha umeme. Ilipokauka, akabonyeza kitufe. Kioo kikapata joto, jasho likakauka.

Mzee akaweka kiganja kiooni, kisha kwenye sanduku la barafu lililokiegemea kioo. Akarudia tena.

"Mchu gani awasha moto kando ya barafu?" akamuuliza fundi, akisema "mchu" badala ya mtu, kama watu wa kwao.

Fundi akaanza kujifuta rangi vidoleni. Nilitaka kumtetea fundi, nikajikuta sijui niko upande gani, na sijui hadi leo.

Mzee akazima kitufe. Kioo kikarudia jasho lake. "Ndugu yangu," akaniambia, "hebu simama nyuma uniongoze."

Nikasimama nyuma ya kioo kilichokwisha kutengenezwa, nikaanza kupiga kelele: rudi, rudi, rudi.