Kisanduku Kilichokufa Kwenye Zamu ya Kaka

Kaka yangu alikipiga kisanduku kabla hajampiga mtu. Alikipiga kwa kisigino cha jembe, kwanza kwenye kifuniko, kisha kwenye antena, na kama nguzo kilikofungwa isingekuwa ya chuma angekitupa mferejini pamoja na kazi yangu ya msimu mzima. Ukoo wetu pale Namawala unajulikana kwa mikono. Babu alipiga, baba alipiga, na mimi, kitinda mimba wa kike, nilipelekwa bweni kwa sababu nilimng'oa jino mtoto wa balozi wa nyumba kumi. Kwetu ngumi hutangulia, salamu hufuata.

Kisanduku nilikitengeneza mimi. Ni kompyuta ndogo inayowasha pampu na kufungua malango ya maji ya kikundi chetu cha umwagiliaji, kila jaruba la mpunga kwa zamu yake. Kwenye kila jaruba kuna kipima unyevu, kijiti cha chuma kinachozamishwa kwenye tope, na waya wake huchomekwa kwenye nguzo ya pembeni. Kikisema udongo umekauka, kisanduku huongeza maji. Kikisema umelowa, hupunguza. Wakulima walikielewa upesi kuliko nilivyotegemea.

Kiangazi hicho kikaanza kufa. Kilikufa asubuhi, zamu ya kaka ilipofika, kikajiwasha chenyewe, kikadhani zamu ile imeshapita, kikafungulia maji jirani yake. Zamu za wengine hakikuwa na neno. Mpunga wa kaka ukageuka njano, na ng'ambo ya tuta wa jirani ukazidi kunawiri.

Jirani huyo ni mzee mpole, lakini king'ang'anizi. Yeye na kaka walikuwa na lao. Msimu uliotangulia mzee alikodi jaruba la kaka, akavuna, akalirudisha. Ukirudisha shamba, umerudisha. Ila kuna maotea, ule mpunga unaochipua tena kwenye mabua baada ya mavuno, na wazee wengi huuhesabu bado kuwa jasho lao. Mzee akaingia na mundu kukata maotea yake, wakati kaka ameshampa jaruba mtu mwingine na mbegu mpya imeshamwagwa. Walipigana humohumo majini. Kaka alimkanyaga mzee kichwa mpaka akanywa tope, na watu walipowaachanisha mbegu yote ilikuwa imevurugwa, mpangaji mpya akajitoa na kaka akalima jaruba mwenyewe.

Kwa hiyo maji yalipoanza kwenda kwa mzee, kaka hakuhitaji ushahidi.

"Mdogo wangu," aliniambia, huku ananoa panga kwenye ngazi ya mlango wa mama, "huyo mzee amekiroga hicho kidude chako. Maji yakienda kwake tena, namkata. Usije ukalia hapa."

Namjua kaka. Akipiga kelele hana neno. Siku hiyo alisema taratibu.

Nilirudi chumbani kwangu mjini, Viwanja Sitini, na hofu ya panga hilo. Kilichokuwa kinakufa si programu yangu ya malango, bali kiini chenyewe cha mfumo, ambacho sisi wa kazi hii tunakiita kerneli. Kerneli ndiyo inayotawala kila kitu ndani ya kompyuta, na yenyewe ikianguka hakuna wa kuinyanyua. Kabla ya kufa huandika maneno yake ya mwisho, na kila mara maneno hayo yalimtaja yuleyule mmoja: mgawaji wa kumbukumbu, sehemu ya kerneli inayozipa programu nafasi ya kuwekea vitu vyake na kuipokea zikimaliza.

Nikamwandama mgawaji. Nilisoma msimbo wake mstari kwa mstari, nikamtukana kwa Kiswahili na Kindamba, nikarusha kipanya ukutani kikapasuka. Kisanduku pacha nilichokuwa nacho mezani nilikitesa, nikakibebesha kazi mpaka kikawa moto wa kuunguza kidole, nikakinyima kumbukumbu mpaka kikaanza kuziua programu zake zenyewe ili kiishi. Kerneli haikufa. Niliipiga meza ngumi, ngozi ya vifundo ikachubuka, nikalia kwa hasira, na kwa woga vilevile, maana zamu ya kaka ilikuwa inakuja.

Nilipotulia ndipo niliona ujinga wangu. Anayekuta maiti njiani si lazima awe ndiye muuaji. Mgawaji alikuwa anagawa nafasi kama kawaida, akikuta imeshaharibiwa na mtu mwingine, anaanguka juu yake. Na kerneli ina swichi ya kumnasa mtu kama huyo. Wenyewe tunaiita sumu. Ukiiwasha, kila kipande cha kumbukumbu kinachorudishwa hujazwa alama moja, mwanzo mpaka mwisho, na atakayekitumia baada ya kukirudisha atailamba sumu na kufa papo hapo, jina lake likiandikwa. Niliiwasha kwenye kisanduku cha shambani kwa furaha mbaya, kama mtu anayetega panya.

Siku ya zamu nilikaa kwenye banda la pampu, kompyuta mapajani, waya umeingia kwenye kisanduku. Matete yalinizuia kuona majaruba. Pampu ilikuwa imeanza kunguruma, lango la kaka halijafunguka, kioo kikamwaga maandishi na kisanduku kikazima.

Alama ya sumu ilikuwa imejaa kioo kizima. Na jina lilikuwepo. Halikuwa la mgawaji. Lilikuwa la programu ndogo ya ndani ya kerneli, iliyokuja na vipima unyevu kutoka kwa aliyeviunda. Kipima kikichomolewa, programu hiyo ilirudisha kumbukumbu yake kwa mgawaji, lakini ikasahau kuisimamisha saa yake ya kengele. Kengele ikilia, inaingia palepale na kuandika vipimo, wakati pameshapewa mwingine. Nilicheka peke yangu. Yalikuwa ni maotea, hayakuwa kitu kingine.

Kisha nikasoma mstari wa juu yake na kicheko kikaniganda. Kipima cha jaruba la kaka kilikuwa kimechomolewa muda huohuo.

Pampu ikaamka tena. Nikasikia maji yakiingia kwa mzee, kisha nikasikia mzee akipiga yowe.

Nilikimbia kwenye tuta na mpini wa jembe niliouokota bandani. Kaka alikuwa amemkalia mzee juu ya mgongo katikati ya mpunga, panga limeshashuka mara moja. Mkono wa kushoto wa mzee ulikuwa unamwaga damu, na vidole viwili vilining'inia. Panga lilikuwa linapanda tena. Na kwenye bega la kaka, ukining'inia kama kamba ya mbuzi, ulikuwepo waya wa kipima, na kijiti chenyewe kimefutwa safi, kikikauka juani.

Alikuwa anakichomoa kila zamu yake. Alikifuta kwa shati, akakikausha, akakirudisha, ili kisanduku kidhani jaruba lake limekauka na kimwongezee maji.

Sikumwita. Kwetu mtu aliyefikia hapo haitwi. Nilimpiga kwenye mkono wa panga kwa nguvu zangu zote, mfupa ukalia kama kuni kavu, nikampiga tena begani mpaka akaanguka ubavu. Nakiri kwamba pigo la pili halikuwa la lazima, nilikuwa nalitaka.

"Unamuua mtu kwa kitu ulichokifanya mwenyewe!" nilimfokea, nikauvuta waya begani kwake nikamtupia usoni. "Ukichomoa hiki kijiti, kisanduku kinakufa. Maji yako unayazima wewe!"

Alikitazama kijiti, akamtazama mzee anayetapika tope. Mzee alikuwa hasikii lolote isipokuwa maumivu yake.

"Mdogo wangu," kaka alisema kwa sauti ndogo, "usimwambie."

Hospitali walipelekwa kwa pikipiki moja, wote wawili. Vidole vya mzee havikurudi. Mkono wa kaka uliunga vibaya na hadi sasa haukamati jembe. Kurekebisha kerneli kulinichukua mstari mmoja tu: simamisha kengele kwanza, ndipo urudishe kumbukumbu. Kisanduku hakijafa tena.

Kesi mzee aliikataa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Alisema mashine ndiyo iliyowagombanisha, na mashine haifungwi. Nilipokwenda kumpa pole nikamwambia shikamoo baba, aliitika marahaba, akaongeza, "Binti yangu, nakushukuru kwa ule mpini." Kisha akaenda kupalilia jaruba la kaka, kwa mkono wenye vidole vitatu, kwa sababu majani hayasubiri mtu apone na mpunga wa mwenzake ulikuwa unaliwa.

Anapalilia mpaka leo. Kaka hukaa juu ya tuta na mkono wake uliopinda, anamtazama, anamletea maji ya kunywa, na hamwambii ukweli wa kipima. Nimemwambia namngoja mpaka mavuno. Asiposema yeye, nitasema mimi, na mpini ule bado ninao.