Losheni bila harufu ilivyoniumbua hapa Tulia

Wakuu, hakuna kitu ya biashara inaweza kunishangaza mimi. Shule niliacha darasa la sita, nikauza maji nikiyabeba na punda, leo niko na duka mbili, Tulia na Sultan Hamud. Nawaandikia vile ilikuwa, hata pahali panaponiaibisha.

Kuna losheni ya ngozi zile husumbuka haraka. Mimi huipima kutoka mtungi mkubwa, mtu anakuja na chupa yake.

Juzi kampuni ikabadilisha formula. Harufu zero. Muuzaji wa jumla akanieleza wametoa manukato kwa sababu ndiyo inachoma ngozi kama hizo.

Nikacheka.

Wateja nao wakaanza kunusa na kurudisha. "Baba Kioko, umetuongezea maji, eh?"

Mimi, niitwe mwizi? Nikanunua manukato ya kutengeneza sabuni, nikamimina kifuniko kimoja, nikakoroga. Duka ikanukia mpaka barabarani! Siku tatu, nusu mtungi imeisha. Nilijipongeza sana.

Ijumaa akaingia Mama Mutheu, mteja wangu wa miaka mingi, amembeba mtoto wake. Mutheu ana miaka minne, ngozi yake haivumilii kitu. Mama akafunua leso. Macho ya mtoto yalikuwa yamevimba yakafunga, shingo inatoa maji.

"Nimempaka mara mbili tu. Hii kitu imekuwa nini?"

"Ni kampuni imebadilisha," nikasema. Wakuu, ilitoka haraka hivyo.

Nikawabeba na pickup mpaka hospitali. Njiani mtoto akaanza kuvuta pumzi na filimbi ndani.

Daktari akauliza kama kuna mtu aliongeza kitu kwa hiyo losheni.

"Hapana," Mama Mutheu akajibu. "Huyu namwamini. Nanunua kwake tangu nizae huyu mtoto."

Nikaangalia ukuta. Filimbi ikalia tena.

"Daktari, ni mimi. Niliweka manukato ya sabuni."

Mama Mutheu alisogeza kiti chake mbali na changu. 

Mutheu alipona, Mungu ni mwema. Mtungi nilimwaga kwa shimo. Mpya nauza vile imekuja, anayetaka kunukia anunue manukato kando. Mama Mutheu sasa hununua kwa jirani, anapita kwangu akiangalia mbele.

Nimejifunza hivi: ngozi ya mtoto wa mtu si pahali pa kuonyesha ujanja wako.

Wenye maduka, pale kwa daktari mngesema ama mngenyamaza? Andikeni hapa chini, hata matusi nitasoma.

Hospitali, dawa, mtungi, mafuta ya gari, na yale manukato ya mia moja hamsini: nililipa jumla shilingi 9,630.