Nilijua Mwanga Unapita Juu ya Chipu

Nilikosea, na nilikosea nikijua. Sina cha kujitetea.

Mimi ni fundi wa maabara katika chuo kimoja huku Busia. Amoit, binti wa Malaba, alikuwa anamalizia shahada yake ya uzamili kwetu. Kazi yake ilikuwa kunasa mwanga wa terahezi, ule usioonekana kwa macho, na kuuingiza kwenye chipu ndogo kuliko ukucha. Juu ya chipu kulikuwa na michoro midogo mno ya dhahabu. Hiyo ndiyo ilipaswa kuukamata mwanga hewani na kuufanya utambae ndani ya chipu hadi upande wa pili.

Siku mstari wa kuonyesha kuwa mwanga umefika upande wa pili ulipopanda kwenye kompyuta, tulipiga kelele hadi mlinzi akaja! Amoit akampigia mamake simu, naye akatangazia soko zima.

Kesho yake, nikiwa peke yangu, niliifunika ile michoro kwa kipande cha foili. Mwanga haukuwa na pa kuingilia, kwa hiyo mstari ulipaswa kulala. Haukulala! Jamani, mwanga ulikuwa unapita juu ya chipu moja kwa moja. Ndani hakikuingia kitu.

Vioo vya kuuelekeza nilivipanga mimi. Niliona aibu, nikaitoa foili, nikanyamaza.

Asubuhi ya kutetea kazi yake mbele ya watahini, Amoit alinishika mkono mlangoni. "Boss, ile test ya kufunika ulifanya?"

"Nilifanya."

"Na iko sawa?"

"Iko sawa, dada. Ingia tu."

Mungu anisamehe!

Mtahini mmoja, mama mpole, akauliza swali lilelile. Amoit akanionyesha kwa kidole, anatabasamu. "Fundi wetu alipima. Huyo hawezi nidanganya."

Yule mama akaomba twende maabara tufunike tena, aone mwenyewe. Nilichukua mkasi wa kukata foili, nikaurudisha mezani. Amoit akaikata, akaiweka.

Mstari haukushuka hata kidogo. Amoit hakuendelea kuangalia kompyuta. Aliniangalia mimi.

Watahini waliikataa kazi yake, na sasa anarudia miaka miwili yote. Haongei nami, akihitaji kifaa anamtuma mtu. Na ningemwambia mapema, vioo tungevirekebisha kwa wiki moja tu!

Wewe unayeficha kosa kazini, sema leo, hata kama utaona aibu. Usingoje mwenzako akusifu mbele ya watu. Mimi nilisikia nikisifiwa, na bado nilinyamaza!