Fundi Evald Aomba Mtoto

Kwetu huku magharibi ya Jutland, katika nchi ya Wadeni, mgeni akikwambia chakula chako hakikuwa kibaya, ujue angelamba sahani kama asingeona haya. Mkulima akivuna kuliko mwaka wowote atasema amewahi kuona mabaya zaidi. Anayejisifu tunamwangalia viatu mpaka anyamaze mwenyewe. Mimi nimezaliwa hivyo, nimeolewa hivyo, na kwa ujinga wangu nilidhani dunia nzima iko hivyo. Tabia hiyo hiyo nusura imkoseshe jirani yangu, mwema kuliko wote niliowahi kuwa nao, mtoto wa kumlea.

Jina lake Evald Thøgersen, fundi wa mashine za kukamulia. Sisi tulikuwa na ng'ombe themanini, na mashine ikigoma alfajiri, ng'ombe themanini wenye viwele vilivyojaa wanapiga kelele za kukutia wazimu. Unampigia Evald simu, na kabla maji ya kahawa hayajachemka gari lake limeshaingia uani. Anasema "Ehe." Analala chali kwenye sakafu ya zege yenye kila uchafu unaoujua, anafungua, anasafisha, anafunga. Anasema "Sasa," anaondoka. Siku moja mume wangu Kresten alinijia jikoni kuniambia kwamba Evald leo ameongea sana, lakini nilipochimba zaidi nikakuta nusu ya maneno alikuwa akimwambia mbwa.

Mkewe Ketty alifanya kazi nyumba ya wazee. Huyo alikuwa na ulimi kidogo, walau kwa kulinganisha. Walioana vijana, wakangoja mtoto miaka kumi na miwili, na mimba tatu zikatoka. Ilipotoka ya tatu, Evald alikuja kwetu kutengeneza pampu. Alipomaliza hakuondoka. Alisimama mlangoni ameshika kofia, nikamvutia kiti, akanywa vikombe vitatu vya kahawa bila kusema neno, nami sikumwuliza neno. Alipoinuka akasema, "Asante, Johanne." Nilikaa palepale nikalia kwa niaba yake, maana nilijua yeye hawezi.

Basi vuli ya mwaka 1986 Ketty alinikuta naanika nguo, akanishikia kapu la vibanio kwa muda, halafu akasema wamepeleka fomu za kuasili mtoto kutoka Kolombia. Alilisema hilo huku akiangalia shuka zangu. Walikuwa wameulizwa mtoto wa umri gani, nao wakaandika hata wa miaka mitano, hata mwenye maradhi yanayotibika. Nikamwuliza kwa nini hawakuomba mtoto mchanga kama watu wengine.

"Evald ndiye aliyeijaza hiyo," Ketty akasema. "Anasema wachanga wana foleni ya watu. Wakubwa ndio wanaobaki."

Zilitakiwa karatasi za daktari, karatasi za polisi, ofisa wa ustawi wa jamii aje nyumbani, na barua ya jirani anayewafahamu vizuri. Wakaniomba mimi. Kulikuwa na jambo jingine Ketty alilolitaja kwa sauti ya chini: Evald angetimiza miaka arobaini na mmoja mwezi wa Aprili, na kwa kanuni za wakati ule hapo mlango ulikuwa unafungwa. Wakikataliwa mara hii hakuna mara nyingine.

Barua ile niliiandika jioni nzima, na Kresten amekaa mbele yangu kama hakimu. Niliandika kwamba nawajua kwa miaka kumi na tisa, kwamba hatujawahi kuwa na shida nao, na kwamba mtoto hatapata hasara kukaa kwao. Kresten akasoma, akakuna kidevu. Aliona hiyo ya mwisho imezidi, watu wa ofisini watadhani tumehongwa. Nikaona kweli, nikaikata. Nikaipeleka barua posta nikiwa nimejaa fahari, maana sijawahi kummwagia mtu sifa namna ile.

Ofisa aliyekuja aliitwa Benedikte, mwanamke wa kama miaka thelathini, mzaliwa wa Copenhagen, aliyekuwa na miezi miwili tu tangu ahamie kwetu. Sitaki kumsema vibaya. Alikuwa na adabu, alivua viatu, na alisikiliza kwa makini kila alichoambiwa. Tatizo ni kwamba aliamini alichoambiwa. Ketty alikuwa ameoka biskuti aina saba pamoja na keki mbili, akaziweka mezani huku akiomba radhi kwamba siku hiyo hana kitu cha kumkaribisha mgeni. Benedikte akasema wala asijali, akachukua biskuti moja.

Mazungumzo nilisimuliwa na Ketty jioni ileile, neno kwa neno. Waliulizwa wanamtaka mtoto kwa kiasi gani. Ketty akajibu kwamba haitakuwa vibaya kumpata. Evald akaunga mkono kwamba hapana, haitakuwa vibaya. Wakaulizwa wamejiandaa vipi, Evald akasema si sana. Wakaulizwa watafanya nini kama mtoto atafika na hofu, hataki kuguswa, analia siku nzima kwa lugha wasiyoijua. Evald alifikiri hilo muda mrefu sana. Mwishowe akasema, "Tutaona."

"Naona yamekwenda vizuri," Ketty akaniambia, mashavu yamemwiva kwa furaha. "Ila nina wasiwasi. Pale kwenye kumtaka mtoto, nahofia tulijikweza."

Nikamtuliza kwamba kwa shughuli kubwa kama ile mtu husamehewa.

Wiki tatu baadaye alikuja kwangu asubuhi, hana koti, na nje kuna baridi ya Februari. Mkononi alikuwa na nakala ya taarifa ambayo ingepelekwa mbele ya kamati Alhamisi iliyofuata. Niliisoma nimesimama. Iliandikwa kwamba waombaji ni watu waaminifu na nyumba yao ni safi, lakini hawaonyeshi hamu ya kweli ya kuwa wazazi, hawakujiandaa, na mume hasa anaonekana kumfuata mkewe tu. Tena barua ya jirani, licha ya miaka kumi na tisa ya kufahamiana, ni baridi kiasi cha kutia shaka. Ofisa anapendekeza ombi lisikubaliwe.

Nikamwuliza Evald yuko wapi. Ketty akasema amekwenda kazini, amesoma karatasi, amevaa mabuti, ameondoka. Halafu akaiangalia meza yangu. "Hakusema kitu, Johanne. Lakini kopo lake la chakula ameliacha mezani. Hajawahi kuliacha."

Sijui kama umewahi kuonea aibu maandishi yako mwenyewe. Barua ya baridi ilikuwa yangu. Mwanamume aliyelala kwenye mikojo ya ng'ombe wangu kwa miaka kumi na tisa, ambaye alikuja kunikamulia ng'ombe wote siku Kresten alipovunjika mguu na hakutaka hata kushukuriwa, mimi nilimwandikia sentensi mbili na ya tatu nikaikata. Hasira ilinipanda, sikujua niielekeze wapi, nikamwelekezea Kresten. Nilimwambia nakwenda mjini kuongea na yule mwanamke. Akasema hatujazoea kuingilia kazi za ofisi. Kisha akatoka nje, nikasikia anakwangua barafu kwenye kioo cha gari langu na kuliwasha lipate joto.

Benedikte alinipokea vizuri. Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaanza kuzungumzia hali ya hewa.

"Sikiliza, binti," nikamwambia. "Nimeandika kwamba hatujawahi kuwa na shida nao. Huku kwetu maana yake ni kwamba nikifa leo, wa kwanza kuitwa ni hao wawili. Haitakuwa vibaya, hiyo maana yake wanamtaka huyo mtoto mpaka hawalali. Umeandika tulichosema, sikulaumu. Lakini umeandika uongo mtupu."

Akaweka kalamu chini. Akasema, kwa upole, kwamba yeye hawezi kuandika asichoambiwa. Alimwuliza Evald waziwazi kama amejiandaa.

Hapo nikasema jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata Ketty. Nilimweleza kwamba tangu Oktoba, kila Evald akija bandani kwetu, huja na kinasa sauti kidogo ndani ya sanduku la vifaa. Mara ya kwanza nilisikia sauti ya mwanamke bandani nikafikiri makubwa. Nilipochungulia nikamwona Evald yuko chini ya bomba la maziwa, na kaseti inasema neno, naye anamrudishia neno ng'ombe aliye karibu. Kihispania. Ng'ombe namba thelathini na moja alikuwa akimsikiliza huku anacheua. Akitoka kwangu anakwenda kwa mfugaji mwenzetu Aagaard, kutoka hapo anakwenda bondeni, na kila banda ni hivyohivyo. Ng'ombe wa wilaya nzima walikuwa wanaamkiwa Kihispania, na sisi wenye ng'ombe wote tulikuwa tunajua na wote tumefunga midomo, kwa sababu mtu akiongea na ng'ombe hayo ni mambo yake na ng'ombe. Nyumbani hakuwa amesema. Nadhani aliona kwamba wakikataliwa, Ketty apungukiwe na jambo moja la kulilia.

"Mbona alisema si sana?" Benedikte akauliza.

"Kwa sababu hajamaliza kitabu cha hizo kaseti."

Akavuta kalenda yake. Akasema atakuja tena Jumanne, siku mbili kabla ya kamati, na kwamba angependa na mimi niwepo. Nilirudi nyumbani nimejaa hofu, maana nilikuwa nimetoa siri ya mtu, na siri yenyewe ndiyo kitu pekee nilichowahi kumwona nacho Evald kikiwa chake peke yake.

Jumanne tulikaa wanne mezani kwa Ketty. Benedikte hakuzunguka. Akasema, "Evald, nimesikia unajifunza Kihispania."

Evald alinitazama. Hakukuwa na hasira machoni mwake, na hilo ndilo lililoniuma. Nikaangalia kikombe changu. Ketty naye aligeuza shingo taratibu kumtazama mumewe, kama mtu aliyeoneshwa chumba ndani ya nyumba yake ambacho hakuwahi kukijua.

"Kihispania gani, Evald?" Ketty akauliza.

"Kidogo tu," akasema. "Si cha kuongelea."

Benedikte akamwomba aseme jambo moja. Lolote. Evald akayaangalia mafuta yaliyomkaa chini ya kucha, akayaangalia mpaka nikataka kumjibia mimi ambaye sijui hata kuhesabu kwa lugha hiyo. Nilimwona Benedikte anafungua mdomo, halafu akaufunga, akangoja. Ninampa heshima yake kwa hilo. Miezi miwili kabla asingengoja.

Kisha Evald akasema. Alisema polepole, kwa sauti ya chini, akiwa ameelekea kwenye bakuli la sukari, sentensi ndefu kuliko yoyote niliyowahi kuisikia kinywani mwake kwa Kideni. Hakuna kati yetu aliyeelewa hata neno.

"Hiyo haimo kwenye kaseti," akasema. "Kwenye kaseti wanaagiza chumba cha hoteli. Nilimwomba mwalimu wa shule ya mjini aniandikie."

"Maana yake nini?" Benedikte akauliza.

Evald alikohoa. "Maana yake, si lazima useme kitu. Lia ukitaka, nyamaza ukitaka. Mimi nimekaa hapa, na siondoki." Akasugua mikono kwenye suruali. "Ni ya siku ya kwanza. Kwa sababu uliuliza tutafanya nini."

Benedikte alifunga faili. Aliniuliza mimi kama nataka kuongeza lolote kwenye barua yangu, nikaomba karatasi mbili. Alhamisi kamati ikapitisha ombi, na Ketty akanipigia simu akashindwa kuongea, tukashikilia simu tu pande zote mbili mpaka Kresten akauliza kama laini imekatika.

Lakini kwangu mimi, mambo yaliisha palepale mezani Jumanne. Benedikte alikuwa amekwisha kusimama avae viatu, nami nimesimama nimsindikize. Ketty hakusimama. Alivuta kiti chake mpaka kikagusa cha mumewe, akaweka mkono juu ya mkono wake wenye mafuta, mbele yetu sote, jambo ambalo halifanywi huku.

"Sema tena," akamwambia. "Neno moja moja. Na mimi nitakuwepo siku ya kwanza."

Evald akasema neno la kwanza. Ketty akalirudia, akakosea, Evald akalisema tena. Wakaenda hivyo mpaka mwisho wa sentensi, kisha wakarudi mwanzo, na Benedikte amesimama mlangoni na kiatu kimoja mguuni, midomo yake nayo inayafuata maneno.