Mpini Uonekane

Kila ninapomenya muwa, harufu yake mbichi hunirudisha Gisenyi, kwenye njia ya soko la Mahoko, nikiwa msichana mdogo mwenye kisu cha kukunja. Nilipewa na Shangazi, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Nilikuwa nimekizamisha chini kabisa ya mfuko wa gauni, kwa sababu mbele kulikuwa na askari wanaopekua watu.

"Wakikuta umekificha, watakibeba," Shangazi alisema. "Kisimamishe mu mufuko. Acha mupini ionekane."

Nikakisimamisha. Kwenye kizuizi, askari aliyesema Kiswahili cha Tanzania akakichomoa, akakikunjua, akagusa makali kwa kidole.

"Cha nini hiki, binti?"

"Ya kumenya muwa, afande."

Akautazama muwa niliobeba. Akaumenya bila haraka, akakata vipande vitatu: changu, cha Shangazi na chake. Kisha akakikunja kisu na kukirudisha mfukoni mwangu yeye mwenyewe, mpini juu.

"Kikali kweli," alisema, mdomo umejaa.

Shangazi akageuka pembeni kucheka. Nami nikaingia sokoni taratibu, nikitamani kila mtu anitazame mfuko.