Mume na Mke Wanaobadilisha Vioo vya Magari kwa Mikono Mitatu

Saa mbili asubuhi, jua bado halijafika kwenye kona ya karakana. Mama Pacha amekaa ndani ya SUV ya zamani, kiti cha dereva kimerudishwa nyuma kabisa. Mumewe, Baba Pacha, amesimama nje kando ya boneti. Kati yao kuna kioo cha mbele kilichopasuka kutoka pembe hadi pembe.

Waya mwembamba wa chuma umepenyezwa kwenye gundi kuukuu iliyokishika kioo hicho. Ncha moja anayo mke, nyingine anayo mume. Huyu akivuta, yule analegeza. Gundi inakatika kidogo kidogo, kwa mlio kama wa turubai linalochanwa.

"Umelala?" mke anauliza kutoka ndani.

"Nimepumzika."

"Basi pumzika huku unavuta."

Mwenye gari, kinyozi wa makamo mwenye saluni mtaa wa pili, anatabasamu kidogo kisha anatazama simu yake. Tangu afike hajakubali kukaa. Benchi lipo, ameletewa na chai, ila chai imepoa juu ya tairi.

Gari hili aliachiwa na marehemu baba yake. Jiwe liliruka kutoka kwenye lori likagonga kioo, na ufa uliokuwa mdogo kama ukucha ukatambaa hadi ukamfika mbele ya macho. Magari ya toleo hili hayatengenezwi tena, na vioo vyake ni vya kutafuta kwa tochi. Baba Pacha alipiga simu huku na huko hadi muuza vipuri mmoja alipokumbuka kwamba anacho kimoja, kimefungwa blanketi nyuma ya ghala lake. Alikiri kwamba hajui cha pili kitatoka wapi.

"Jioni nalichukua," kinyozi anasema. "Kesho asubuhi nampeleka mama hospitali kusafishwa damu. Figo hazingoji mtu."

Waya unaendelea kwenda na kurudi.

Kwa watu wa mtaa huu, Mama Pacha ni "Mama Fundi". Zamani jina hilo lilimaanisha mke wa fundi. Siku hizi linamaanisha fundi ambaye ni mama, na wateja wapya huchukua muda kutambua tofauti.

Yeye alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa sebuleni, chini ya dirisha, akishona sare za shule na kupunguza suruali za watu. Vioo vilikuwa kazi ya mumewe, aliyeianza akiwa kijana na kujijengea jina. "Mimi nilichojua kuhusu vioo vya magari ni kuvifuta," anasema.

Kisha ikaja siku ambayo Baba Pacha alikuwa akikandamiza kioo kipya kwenye fremu ya teksi. Kioo hicho kilikuwa na kasoro ukingoni ambayo haikuonekana kwa macho. Kikapasuka mikononi mwake, na kipande kimoja kikamkata kifundo cha mkono wa kulia hadi kwenye mishipa inayovuta vidole.

Madaktari walimshona vizuri, anasema, na hana la kuwalaumu. Lakini vidole vitatu havikurudi. Vinakunjika nusu, vinaishia hapo. Anaweza kushika kijiko, kufunga kifungo kwa taabu, na kupunga mkono. Kubeba kioo kwa mkono huo hawezi.

"Nilikaa nyumbani nikawa mtu wa kuulizwa kama nimekula," anasema. "Simu ikilia nasema nimeacha kazi. Mwisho hata hiyo simu ikaacha kulia."

Mabinti zake pacha, wakati huo wakiwa shule ya msingi, walizoea kumkuta palepale walipomwacha. Asubuhi moja alimwambia mkewe kwamba amepata mtu wa kununua vifaa vyake vyote.

"Nikamwambia vizuri, lakini aanze kuuza cherehani yangu," Mama Pacha anasimulia. "Akaniuliza cherehani inahusikaje. Nikamjibu, si tunauza vya kufanyia kazi? Basi tuuze vyote, tukae wawili tukitazamana. Yule mnunuzi alipokuja, mume wangu hakumfungulia mlango."

Majuma machache baadaye, dereva mmoja wa teksi, mteja wa miaka mingi, alifika hadi nyumbani na gari lenye kioo kilichovunjika. Baba Pacha alikuwa amekwisha kumwomba radhi mlangoni. Mkewe, akiwa bado kwenye cherehani, hakuinua kichwa.

"Mwambie alete," alisema.

Siku hiyo mume alikaa kwenye kiti akaelekeza, mke akatenda. Alikata gundi ya zamani, akasafisha fremu, akapaka dawa ya kushikisha, kisha akashika bunduki ya gundi mara ya kwanza maishani. Gundi inapaswa kuzunguka fremu yote kwa mstari mmoja usiokatika na usiopishana unene. Kwa mtu aliyekwisha kuzungusha ukingo wa maelfu ya sketi, mkono ulijua cha kufanya kabla yeye hajajua.

"Ulinyooka kuliko wangu," Baba Pacha anasema, bila kuzungusha maneno.

Je, alifurahi? Mkewe anajibu kwa niaba yake. "Jioni nzima hakunisemesha. Nilimwelewa. Kazi uliyoijua ujana wako wote, halafu mtu anaishika asubuhi na mchana anaijua. Hata mimi angekuja kukalia cherehani yangu akashona vizuri, ningenuna."

Mama mkwe naye alikuwa na lake. Alisema mwanamke hawezi kushinda kutwa ameingiza nusu ya mwili kwenye magari ya watu. Leo mama mkwe huyohuyo ndiye anayepokea simu pale nyumbani wanapokuwa kazini, na akiulizwa na mteja kama fundi yupo, husema, "Unamtaka yupi?"

Lililobaki lilikuwa uzito. Kioo cha mbele hubebwa na watu wawili, kila mmoja akishika vishikio vya mpira vinavyonyonya juu ya kioo. Mama Pacha alichukua mkanda wa kiti kutoka gari lililokufa, akaushona uwe kitanzi cha kupita begani na kifuani mwa mumewe, chenye ndoano ya kuning'inia kwenye kishikio. Mzigo ambao vidole haviwezi, bega linaubeba. Mkono wa kushoto unaongoza.

Kufikia saa nne, waya umezunguka fremu yote. Wanakitoa kioo cha zamani na kukilaza juu ya magunia. Mama Pacha anarudi kwenye gari na kisu cha kukwangulia gundi, anainama kwenye ukingo wa chini, kisha anabaki ameinama.

"Baba Pacha, njoo uone."

Chini ya gundi, mahali ambapo hakuna aliyepatazama tangu gari litoke kiwandani, chuma kimegeuka rangi ya matofali. Anabonyeza kwa ncha ya kisu. Kutu inamomonyoka, na sehemu moja kisu kinapita hadi upande wa pili.

Kinyozi anaitwa. Anatazama, anapumua kwa nguvu. "Si mtapaka gundi juu yake? Gundi si ipo nyingi?"

"Itashika kutu," Mama Pacha anamwambia, "na kutu haijashika kitu."

Anamweleza kinachotakiwa. Fundi bodi wa jirani achomelee kiraka, sehemu nyingine zisuguliwe hadi chuma kizima, zipakwe dawa na kuachwa zikauke. Ndipo kioo kiingie, na gari lilale hapahapa hadi kesho mchana gundi ikaze.

"Kesho mchana?" Sauti ya kinyozi inapanda. "Nimewaambia kesho asubuhi nina mgonjwa. Nimeleta gari libadilishwe kioo, sikuleta mnijengee gari jipya. Kama kazi imewashinda semeni, mafundi ni wengi."

Baba Pacha anaacha alichokuwa akifanya. Ni wazi kwamba kinyozi hawezi kwenda popote, kwa kuwa gari lake limebaki tundu wazi pale mbele.

"Kaka," Mama Pacha anasema, "mama huwa anakaa kiti gani?"

"Cha mbele. Mgongo wake hauwezi kiti cha nyuma."

"Upande huo kuna mfuko wa hewa wa kumkinga. Gari likigonga, mfuko unatoka kwa kishindo na kuegemea kioo. Kioo kikiwa kimeshikwa na kutu, kinaruka nje, na mfuko unatoka nacho. Mama anabaki na mkanda peke yake. Mimi siwezi kukukabidhi hivyo. Ukitaka tukufungie nailoni ulivute hadi kwa fundi mwingine, tutakufungia, na sitakasirika."

Kinyozi anakaa kwenye benchi kwa mara ya kwanza tangu afike. Anasugua uso kwa viganja vyote viwili. Baadaye anakiri kwamba hasira yake haikuwa ya kioo. Mama yake alishakosa zamu moja mwezi uliopita, gari lilipogoma kuwaka, na kilichofuata hataki kukikumbuka.

Baba Pacha anaingiza mkono mfukoni. Anatoa ufunguo wa kigari chao kidogo, kile wanachobebea vifaa, na kumwekea kinyozi kwenye kiganja.

"Kiti chake cha mbele ni kizuri," anasema. "Mlango wa nyuma usiufungue, haufungiki tena. Mpeleke mama."

Mama Pacha anamtazama mumewe. Hakuulizwa. Kinyozi anapotoka kwenda kumpa fundi bodi habari, mke anamsogelea mumewe na kuuliza kwa sauti ya chini, "Na akipotea nalo?"

"Si ametuachia lake?"

"Hili lenye kutu na lisilo na kioo?"

"Basi tumepunjwa," mume anasema, na wote wawili wanarudi kazini.

Kiraka kinachomelewa. Msasa unafanya kazi hadi fremu inang'aa. Dawa inapakwa, inaachwa ikauke wakati wao wanakula wamekaa kwenye kivuli cha ukuta, kila mmoja na simu yake. Saa tisa Mama Pacha anaanza kupaka gundi. Mstari mweusi unatoka kwenye mdomo wa bunduki na kuzunguka fremu nzima hadi unapokutana na mwanzo wake.

Sasa ni kioo chenyewe. Mkanda unapita begani. Ndoano inashika.

"Tayari?"

"Nyanyua."

Wanakwenda hatua za mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Wamefika usawa wa boneti ndipo upepo unapoingia kutoka barabarani, wa ghafla, ukipeperusha vumbi na karatasi. Kioo kinayumba. Bega la Baba Pacha linavutwa mbele, na vidole vyake vya kulia vinajaribu kufunga na kushindwa.

"Simama," anasema.

Wanasimama, kioo kikiwa hewani. Kinyozi, aliyekwisha kurudi kwenye benchi, ananyanyuka mbio na mikono mbele.

"Usiguse," Mama Pacha anamwambia, macho yake hayatoki usoni kwa mumewe. "Baba Pacha, unacho?"

"Ninacho."

"Kweli?"

"Ninacho. Ngoja upite."

Jasho linamtiririka mume hadi kidevuni. Upepo unapungua, unarudi kidogo, kisha unatulia. Bila kuhesabiana wanasonga pamoja, wanainamisha, na kioo kinashuka juu ya gundi kwa sauti ndogo kama ya mtu anayefumba midomo. Wanakikandamiza pande zote, wanakifunga kwa utepe, na kushusha dirisha moja nusu ili mlango ukifungwa hewa isikisukume.

Baba Pacha anavua mkanda. Begani umemwachia alama nyekundu. Mkewe anapagusa mahali hapo kwa kidole, mara moja tu, kisha anaenda kunawa mikono.

Alasiri ya siku ya pili kinyozi anarudi na kigari, na mama yake amekaa mbele, amechoka lakini macho yako wazi. Zamu yake ameipata. SUV imekwisha kumwagiwa maji kwa mpira kutoka kila upande, na kitambaa kikavu kilichopitishwa ndani kimetoka kikavu.

Mama huyo anasaidiwa kuhamia gari lake. Anatazama mbele kupitia kioo kipya.

"Mwanangu," anasema, "mimi nilidhani ni macho yangu yameharibika."

Kinyozi anacheka hadi anashika paa la gari. Kabla ya kuondoka anamshika Baba Pacha mkono, ule wa kulia, anaubana na kuuachia. Kwa Mama Pacha anasema tu, "Fundi, asante."

Kwa wiki nzuri, wanandoa hawa hupata magari manne au matano. Mvua ikinyesha hawapati kitu, kwa kuwa karakana yao imeezekwa nusu. Kampuni moja ya mabasi ya shule imewaahidi kazi ya kudumu, kwa sharti kwamba waonyeshe vyeti vya ufundi. Hakuna kati yao aliyewahi kuwa na cheti.

Wamejiandikisha wote wawili kwa jaribio la mwezi ujao. Sehemu ya vitendo inamtaka kila mtahiniwa abadilishe kioo akiwa na msaidizi mmoja. Mama Pacha ameandika jina la mumewe. Baba Pacha ameandika la mkewe. Ofisi iliwaita kuuliza kama wamekosea kujaza.

Tatizo la Baba Pacha ni bunduki ya gundi, inayotaka mkono wenye nguvu na usiotetemeka. Anajifundisha upya kwa mkono wa kushoto, kila kazi inapoisha, kwenye boneti kuukuu iliyoegemezwa ukutani. Leo pia yuko hapo. Mstari wake unaanza vizuri, unafika kwenye kona, unavimba.

"Akifaulu mmoja wetu, kazi ya mabasi tutapata," anasema Mama Pacha, akikusanya vifaa. "Lakini nataka tufaulu wote."

Kwa nini wote?

"Akifeli peke yake, nyumbani hakutakalika."

Baba Pacha hageuki.

"Andika kwamba nimesikia," anamwambia mwandishi, kisha anakwangua gundi yote kwenye boneti na kuanza upya.